Baiskeli ya matairi manene: kabla ya kuibebesha mzigo, badilisha nini kwanza?

Wafanyabiashara wa mipakani hawajaanza leo kuirekebisha baiskeli ili iwafae. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa kwa njia hiyo. Miaka ya 1960, pale Busia, vijana waliweka mto juu ya kerieri za baiskeli zao wakawa wanavusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, kutoka boda hadi boda. Baadaye kerieri zikaimarishwa kwa vyuma na spoku nyembamba zikatolewa, zikawekwa nene. Baiskeli nyeusi iliyotengenezwa kumbeba mtu mmoja ikawa chombo cha kubeba magunia, makreti ya soda na mikungu ya ndizi.

Sasa kuna baiskeli nyingine inayoonekana katika maduka ya miji mikubwa na katika makontena ya bidhaa mchanganyiko: baiskeli ya matairi manene. Tairi lake lina upana wa inchi 4 au zaidi, karibu kama la pikipiki. Mfanyabiashara akiiona husema, "Hii ndiyo ya mzigo." Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha, na wengine wanaumia.

Ukweli ni kwamba tairi nene halimaanishi baiskeli yenye nguvu. Tairi lile liliundwa ili lisizame, si ili libebe gunia. Baiskeli hii inaweza kufanyiwa kazi ya mzigo, lakini ni lazima vifaa vyake vibadilishwe kwa mpangilio unaofaa, na ni lazima mnunuzi ajue vipimo vyake kabla ya kuagiza vipuri. Makala hii inaeleza kifaa kimoja baada ya kingine, kisha inagusa mambo ya forodha kwa wale wanaovivusha mpakani.

Imetoka wapi

Baiskeli hii ina asili katika sehemu mbili za Marekani. Kule Alaska, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, washindani wa mbio za baiskeli juu ya theluji walikuwa wakiunganisha rimu mbili ubavu kwa ubavu ili kupata gurudumu pana. Upande wa kusini, katika jimbo la New Mexico, wengine walitafuta gurudumu la kupita kwenye vilima vya mchanga. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilitoa baiskeli iliyoitwa Pugsley, yenye tairi la inchi 3.7 na rimu ya milimita 65, na kuanzia hapo baiskeli hizi zikaanza kuuzwa kwa wingi. Viwanda vya China vilifuata kwa bei ya chini, na siku hizi nyingi zinakuja na mota ya umeme.

Basi asili yake ni theluji na mchanga. Kwa mfanyabiashara wa huku, faida yake iko kwenye mchanga: ufukweni, kwenye mito iliyokauka, na njia za nchi kavu ambako tairi jembamba huchimba shimo na kusimama. Kwenye lami haina faida. Tairi pana lenye upepo mdogo huchosha miguu. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi inaweza hata kuwa mbaya zaidi, kwa sababu tope hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Kama njia yako yote ni lami na changarawe ngumu, baki na baiskeli yako nyeusi, fedha yako iende kwenye spoku na breki.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kuagiza

Kosa la kwanza la muuza vipuri ni kuagiza kwa neno "inchi 26" peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa mstari, kwa mfano 100-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, ambayo wengine huita ringi. Namba hii ya pili ndiyo inayoamua kama tairi litaingia.

Namba za kukumbuka ni hizi:

- Tairi nene la inchi 26: namba ya pili ni 559.
- Tairi nene la inchi 24: 507.
- Tairi nene la inchi 20, lililo kwenye baiskeli nyingi fupi za umeme: 406.
- Tairi la baiskeli nyeusi ya mzigo, 28 kwa 1½: 635.

Baiskeli ya kawaida ya milimani ya inchi 26 nayo ina 559. Kwa hiyo tairi lake la inchi 2.1 litaingia kwenye rimu nene kwa kipenyo, lakini rimu ni pana mno kwake. Litakaa bapa, kingo za rimu zitapigwa na mawe, na linaweza kuchomoka kwenye kona. Usimuuzie mteja kwa sababu tu limeingia. Rimu za matairi manene huwa na upana wa milimita 65 hadi 100, wakati tairi la inchi 2.1 linahitaji rimu ya milimita 20 hadi 35 hivi.

Tyubu nazo zina hadithi yake. Tyubu ya tairi la inchi 4 ni nzito na si rahisi kuipata nje ya mji mkubwa. Baadhi ya mafundi huweka tyubu ndogo ikavutika mpaka ikajaa. Itakufikisha nyumbani, lakini imekuwa nyembamba kama puto na mwiba mdogo tu unaitoboa. Anayeagiza baiskeli kumi za aina hii aagize pamoja nazo tyubu zisizopungua ishirini. Bila hivyo, baada ya miezi michache wateja watarudisha baiskeli dukani na kudai fedha zao.

Upepo: psi 50 si za tairi hili

Mwendesha baiskeli ya mzigo amezoea kujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe. Kwa tairi nene hilo ni hatari, na sababu yake ni ya kimaumbile. Kadiri tairi linavyokuwa pana, ndivyo upepo uleule unavyolivuta kwa nguvu zaidi. Psi 20 kwenye tairi la inchi 4 hulivuta sawa na psi 53 hivi kwenye tairi la inchi 1½. Ukiweka psi 50, umeliweka katika hali ya tairi jembamba lenye psi zaidi ya 130. Litachomoka kwenye rimu au kupasuka, na rimu yenyewe inaweza kufunguka.

Kwenye mchanga bila mzigo, psi 8 hadi 10 zinatosha. Ukiwa na mzigo kwenye njia ya udongo, panda hadi 15 au 20, huku gurudumu la nyuma likiwa na upepo mwingi kuliko la mbele kwa sababu ndilo linalobeba. Kikomo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, nacho mara nyingi ni kati ya psi 20 na 30. Usikivuke kwa sababu yoyote ile.

Kwa kuwa tofauti ya psi 5 ni kubwa hapa, kidole hakitoshi kupima. Geji ya pampu ya kawaida ya gereji inayofika psi 150 nayo haioni tofauti hiyo. Nunua geji ndogo inayoishia psi 30 au 40. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tutakavyovitaja, na huenda ndicho kitakachookoa matairi mengi zaidi.

Gurudumu la nyuma: shilingi ya kwanza iende hapa

Kabla ya kununua chochote, tafuta kikomo cha uzito cha baiskeli. Huandikwa kwenye kijitabu au kwenye kibandiko cha fremu. Si ajabu kukuta kilo 120 hivi, na hizo ni za mpanda pamoja na mzigo. Mpanda wa kilo 70 akiweka gunia la mahindi la kilo 90, tayari amefika kilo 160. Matairi hayatalalamika. Kitakacholalamika ni spoku, ekseli na fremu.

*Rimu.* Rimu nyingi nene zimetobolewa mashimo makubwa katikati ili kupunguza uzito, na mashimo hayo yamefunikwa kwa utepe wa kitambaa au plastiki. Chini ya mzigo tyubu husukumwa kwenye mashimo hayo, utepe ukachoka, tyubu ikapasuka. Kwa kazi ya mzigo chagua rimu isiyo na mashimo, yenye kuta mbili. Ikiwa huwezi kuibadilisha, weka utepe mzito, hata mara mbili.

*Spoku.* Baiskeli nyeusi za mtindo wa Kiingereza na Kihindi huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli ya matairi manene mara nyingi ina 32 au 36 nyuma, ambazo ni pungufu ingawa tairi ni kubwa. Idadi huwezi kuiongeza bila kubadilisha rimu na habu pamoja, lakini unene unaweza. Spoku ya kawaida ni geji 14, yaani milimita 2.0. Geji 13 ni milimita 2.3, na geji 12 ni milimita 2.6. Kwa kawaida geji 13 huingia kwenye tundu la habu bila kulichimba. Geji 12 hulazimisha fundi atumie drili, na hapo habu inadhoofika. Hakikisha pia kwamba nipeli, vile vinati vya kukazia spoku, ni za geji hiyohiyo na zinapita kwenye tundu za rimu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba spoku haikatiki kwa sababu imekazwa sana. Hukatika, mara nyingi pale inapojikunja kwenye habu, kwa sababu imelegea. Kila gurudumu linapozunguka, spoku iliyolegea inavutwa na kuachiliwa, inavutwa na kuachiliwa, mpaka chuma kinachoka. Hivyo gurudumu jipya likaguliwe baada ya siku chache za kazi, spoku zikazwe upya kwa usawa. Fundi mzoefu huzigonga kwa kucha na kusikiliza. Za upande mmoja zikitoa sauti inayolingana, gurudumu limekaa sawa.

*Habu na ekseli.* Hapa ndipo vipimo vinapowachanganya waagizaji. Baiskeli ya kawaida yenye gia huwa na nafasi ya milimita 135 nyuma. Ya matairi manene ina 170 au 190 kwa ekseli ya kawaida, na 177 au 197 kwa ekseli nene inayopenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mbele huwa 135 au 150. Habu ya 170 haiingii kwenye fremu ya 190, na kuikunja fremu ili ilingane ni kuiharibu. Pima kwa rula ndani ya uma wa nyuma kabla ya kupiga simu kwa muuzaji.

Baiskeli nyingi za bei nafuu zina friwili inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu. Katika mpango huo, gololi za upande wa mnyororo ziko mbali na fremu, na ekseli inabaki bila mhimili kwa sentimita kadhaa. Mzigo ukiwa mkubwa, hapo ndipo ekseli inapopinda au kukatika. Habu ya kaseti ina beringi iliyosogezwa karibu na fremu, kwa hiyo ekseli inashikiliwa vizuri zaidi. Kama utafanya badiliko moja tu la gharama kubwa kwenye baiskeli hii, liwe hili: gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti, spoku za geji 13 na rimu isiyo na mashimo.

Breki: kabla ya kuongeza gunia

Baiskeli ya mzigo ikishindwa kupanda, mpanda anashuka na kusukuma. Ikishindwa kusimama, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo breki zitangulie kerieri.

Chukua mfano wa baiskeli, mpanda na mzigo wenye jumla ya kilo 180 ikiteremka kilima cha mita 50 kwenda juu. Ukiacha sehemu inayochukuliwa na upepo na barabara, breki zinapaswa kumeza nishati ya kilojuli 88 hivi. Hilo ni joto la kutosha kuchemsha robo lita ya maji baridi, na lote linaingia kwenye diski mbili nyembamba na vipande vidogo vya pedi.

Baiskeli hizi hutumia breki za diski, kwa kuwa tairi ni pana mno kwa breki za kubana rimu. Diski ya kiwandani mara nyingi ni milimita 160. Badilisha ya mbele iwe 180 au 203, pamoja na kipande cha kusogeza kibano cha breki. Diski kubwa hushika kwa nguvu zaidi na hupoa haraka zaidi. Angalia kwanza kikomo cha diski ambacho uma wako unakikubali.

Pedi ziko za aina mbili. Pedi laini hazipigi kelele lakini huisha upesi kwenye tope na kwenye joto. Pedi za unga wa chuma hudumu zaidi na zinavumilia joto, nazo ndizo zifaazo kwa mzigo. Angalia maandishi ya diski: nyingine zimeruhusiwa kutumika na pedi laini tu, na ukiweka za chuma zitaliwa.

Kuhusu breki za waya au za mafuta, kwa mtu wa njia ndefu waya ni bora. Waya unapatikana katika kila kituo cha biashara, na fundi yeyote anaujua. Breki ya mafuta ina nguvu na ni laini mkononi, lakini ikivuja ukiwa mbali na mji huna la kufanya. Tena ziko zinazotumia mafuta ya madini na ziko zinazotumia mafuta ya breki kama ya gari. Ukichanganya, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa. Muuza vipuri auze mafuta kwa jina la aina yake, si kwa neno "mafuta ya breki" tu.

Gia na pedali

Tairi la inchi 4 juu ya rimu ya 559 hufikisha kipenyo cha nje cha inchi 29 hivi. Kwa hiyo baiskeli inayoitwa ya inchi 26 ina gia nzito kuliko mpanda anavyotarajia, na mzigo unaongeza taabu.

Badiliko la bei nafuu ni gia ya mbele: toa ya meno 36 au zaidi, weka ya meno 28 au 30. Nyuma, weka seti yenye gia kubwa ya meno 34. Kwa meno 28 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli mita 1.9 hivi. Linganisha na baiskeli nyeusi ya meno 44 kwa 18, ambayo husogea karibu mita 5.4 kwa mzunguko mmoja. Ya kwanza inapanda kilima na gunia. Ya pili inakimbia kwenye lami.

Tahadhari hapa ni bomba la chini la fremu, lile ambalo ekseli ya pedali hupita. Kwenye baiskeli ya kawaida lina upana wa milimita 68 au 73. Kwenye ya matairi manene ni milimita 100, na kwenye fremu nyingi za 190 au 197 ni 120. Ekseli ya pedali ya dukani kwa jirani haitaingia. Kifaa hiki kikiharibika baiskeli inalala, kwa hiyo muagizaji asikisahau kwenye orodha yake.

Baada ya kubadilisha, weka gia ya chini kabisa na uzungushe pedali kinyumenyume. Kama mnyororo unagusa tairi, gia ya mbele haijakaa mahali pake au tairi ni pana kupita fremu. Usisubiri mnyororo uje kulikata tairi barabarani.

Kerieri na fremu: shika sumaku mkononi

Fundi wa kuchomelea wa huku ni hodari, na baiskeli nyeusi ya chuma imemzoea. Lakini baiskeli nyingi za matairi manene ni za alumini. Weka sumaku kwenye fremu: ikishika, ni chuma, isiposhika, karibu kila mara ni alumini. Alumini ikichomelewa kando ya barabara hupoteza nguvu iliyopewa kiwandani kwa joto maalumu, na hukatika baadaye pembeni mwa mahali palipochomelewa, bila kutoa dalili. Usichomelee kerieri kwenye fremu ya alumini hata kama fundi anasema anaweza.

Kinachofaa ni kerieri ya chuma inayofungwa kwa bolti. Miguu yake iteremke mpaka karibu na ekseli ya nyuma ili uzito uende moja kwa moja kwenye gurudumu. Iwe pana vya kutosha kulipita tairi, na kati yake na tairi ibaki nafasi ya vidole viwili. Kerieri zinazobana kwenye bomba la siti ni za mkoba wa shule, si za gunia.

Kama fremu haina tundu za bolti, tumia vibano vya chuma vilivyowekewa mpira ndani, na ukubali kwamba mzigo wako utakuwa mdogo. Uma wa mbele wenye springi za bei nafuu ubadilishwe kwa uma mgumu. Tairi lenyewe ni springi ya kutosha, na uma mgumu ni mwepesi tena hauna kitu cha kuvuja.

Magunia mawili madogo yanayoning'inia pande zote mbili chini ni salama kuliko gunia moja lililosimama juu. Hilo halihitaji kipuri chochote.

Mota na betri

Mota inaweza kuwekwa ndani ya habu au kwenye bomba la pedali. Vipimo vilevile vya 170, 190, 100 na 120 vinatawala. Mota ya habu iwekewe mkono wa chuma wa kuizuia ekseli isizunguke. Bila mkono huo, ekseli inaweza kuula uma wa alumini mpaka gurudumu likachomoka.

Betri ya volti 48 na saa-ampea 15 ina wati-saa 720. Kuijaza kunatumia chini ya uniti moja ya umeme. Gharama iko kwenye betri yenyewe, si kwenye umeme. Mzigo, mchanga na upepo mdogo wa tairi hufupisha safari, kwa hiyo kilomita zilizoandikwa kwenye boksi usizipangie biashara. Pima mwenyewe kwa njia yako na mzigo wako.

Unapovusha mpakani

Kwa anayeingiza bidhaa hizi, namba ya forodha ni muhimu kama namba ya tairi. Zinazohusika ni hizi:

- Baiskeli isiyo na mota: 8712.
- Baiskeli yenye mota ya umeme: 8711.60, namba iliyoanza mwaka 2017.
- Fremu na uma: 8714.91.
- Rimu na spoku: 8714.92.
- Habu na friwili: 8714.93.
- Breki: 8714.94.
- Siti: 8714.95.
- Pedali na krenki: 8714.96.
- Matairi mapya ya baiskeli: 4011.50, na tyubu zake: 4013.20.
- Betri za lithiamu zinazokuja peke yake: 8507.60.

Kosa linalowaumiza wengi ni kutamka baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ya kawaida ya 8712 kwa sababu ina pedali. Mota ikiwepo, haiko tena kwenye 8712. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaadhibu tamko la uongo, na ofisa akifungua boksi moja lenye mota, shehena nzima inaweza kuzuiwa. Uliza pia mapema kama nchi unakopeleka inaihesabu baiskeli hiyo kuwa chombo cha moto kinachohitaji usajili.

Jambo la pili ni cheti cha asili kilichorahisishwa cha Jumuiya, ambacho wafanyabiashara wadogo hukitumia kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Rimu ya China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu umeinunua Nairobi au Kampala. Weka risiti na hati za ushuru uliokwisha lipwa, na muulize wakala wa forodha kabla ya kupakia, si baada ya kufika kwenye kizuizi.

Kwa msafirishaji: boksi la baiskeli hii ni pana kuliko la kawaida, hivyo hesabu nauli kwa ujazo na si kwa idadi. Diski zitolewe au zikingwe, kwa sababu diski iliyopinda haionekani mpaka mteja apande. Weka kipande cha plastiki kati ya pedi za breki, na kingine kati ya ncha za uma. Matairi yapunguzwe upepo lakini yasiachwe tupu kabisa. Betri za lithiamu ni bidhaa hatari kwa kanuni za usafirishaji: UN 3480 zikiwa peke yake, UN 3481 zikiwa pamoja na kifaa chake. Betri iliyovimba au iliyoloa isipandishwe kwenye gari.

Mpangilio wa kufuata

Kwa aliyekwisha inunua baiskeli hii na fedha ni kidogo, afuate mpangilio huu:

1. Geji ndogo ya upepo na tyubu za akiba.
2. Kukaza spoku zote na kuweka utepe mzito wa rimu.
3. Pedi za chuma na diski kubwa mbele.
4. Gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti na spoku za geji 13.
5. Gia ndogo ya mbele.
6. Kerieri ya chuma ya kufunga kwa bolti.
7. Mota, kama bado kuna haja.

Wengi huanza na namba 6 na 7, kwa sababu ndizo zinazoonekana na ndizo zinazoleta fedha mara moja. Baiskeli inapakiwa mzigo mkubwa huku breki na gurudumu vikiwa vilevile vya kiwandani. Hata baada ya mabadiliko yote saba, kikomo cha fremu hakijabadilika. Toa uzito wako kwenye kikomo hicho, na kinachobaki ndicho mzigo wako. Kama hesabu hiyo hailipi nauli ya njia yako, usiinunue baiskeli hii kwa kazi hiyo.